Mahari na Mahali

Mwanangu, ipo siku moja ya gulio hapa Kisesa ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu asisikie. Siku hiyo nilisadiki habari ambayo hata kuku angeikataa. Niliambiwa kwamba kaka yangu Masanja, kule Misungwi, amejenga zizi la kupokelea ng'ombe wa mahari ya binti yangu Neema, na kwamba ng'ombe wote ameshawapa majina. Ng'ombe wenyewe walikuwa bado kwao. Hata barua ya posa tulikuwa hatujaijibu.

Mleta habari alikuwa jirani yangu, muuza vitunguu. Kaka alikutana naye akamtuma neno moja tu, naye akalibeba juu ya magunia yake. Neno lilivyonifikia ni hivi: mwambie mdogo wangu nataka mahari kwake. Zizi na majina vilidandia njiani.

Mimi nikaamini kwa sababu kwa desturi yetu baba mkubwa ana fungu lake. Tena Masanja ndiye aliyenilea baba yetu alipofariki. Nilipougua malaria alinibeba mgongoni hadi zahanati, maili mia moja, au tuseme nne. Basi nikajisemea, leo kaka anadai mgongo wake. Nikamjibu kwa mdomo uleule wa muuza vitunguu: mwambie hapati hata mkia.

Miezi tisa, mwanangu. Miezi tisa sikumpigia simu, naye hakunipigia. Jumapili nilikuwa nasali kwa sauti ya kutikisa mabati, lakini tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilishikwa na kikohozi. Mchungaji akaniombea kifua.

Na ujue kwamba wakati huo nilikuwa msomi. Nilimaliza masomo ya jioni nikiwa na mvi, cheti nikakitundika sebuleni juu kuliko kalenda, na kazi yangu kubwa ikawa kuwasahihisha watu herufi. Mtu akisema "chakura" nilimsimamisha njiani. Wazee walisema nyani haoni kundule, nami nilidhani wanamsema nyani.

Ndipo dada yetu Mindi, aliyeolewa Sengerema, akavuka na kivuko cha Kamanga akaja kwangu na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa bado amesimama. Kiti alikikataa.

"Masanja amekukosea nini?" akauliza.

Nikamweleza habari ya mahari, ya zizi, ya majina. Dada akakaa mwenyewe bila kukaribishwa tena.

"Aliomba mahali," akasema. "Mahali pa kulala siku za kliniki ya macho. Hapa kwako ni karibu na hospitali. Huyo jirani yako ni Msukuma kama sisi, sasa wewe ulitaka alitamke vipi?"

Akaniambia mengine ambayo sikuyauliza. Kwamba kaka alikuwa anatoka Misungwi alfajiri na kurudi jioni jicho likiwa na bandeji, akivushwa barabara na watu asiowajua. Kwamba kliniki mbili hakwenda kabisa, kwa kukosa pa kufikia. Jicho la kushoto lilikuwa halioni tena, na madaktari walikuwa wakipigania la kulia.

Kesho yake nilikuwa Misungwi kabla jogoo hajamaliza sentensi. Kaka alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Zizi sikuliona. Nikapiga magoti, nikamshika miguu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Huyo ni mdogo wangu," akasema, mikono bado kwenye mahindi. "Ulinitumia habari ya mkia. Nikajiuliza, mkia wa nini? Nikadhani umenunua mbwa."

Nikacheka huku nalia, kitu ambacho hawakutufundisha jioni. Nikamweleza yote, na kwa usomi wangu nikamalizia: "Kumbe kaka, kosa lilikuwa la herufi moja tu."

Akapapasa hadi akaupata uso wangu. "Kosa si la herufi, mdogo wangu. Hata kama ningetaka hao ng'ombe, ulipaswa kuja kuniuliza."

Siku hiyohiyo nilirudi naye Kisesa, na chumba cha mbele kikawa chake. Jicho la kulia limepona, namshukuru Mungu. La kushoto halikurudi, na kila asubuhi tukinywa chai mimi ndiye ninayekaa upande ule.

Kwa hiyo mwanangu, ukiletewa neno baya la ndugu yako, usilijibu kwa mdomo uliolileta. Nenda. Bwana wetu alitufundisha kumwendea ndugu, wewe na yeye peke yenu, na hakusema tutume muuza vitunguu. Nenda hata kama una hakika amekosa. Na ukikuta kweli amekosa, umeshafika kwake, nusu ya kusamehe umeimaliza kwa miguu. Ndugu wa tumbo moja wakishakua na kuwa na miji yao hawakai pamoja wenyewe tu, ni lazima mmoja afunge safari.

Mungu akujalie nyumba yenye chumba cha ziada, na ndugu wanaoweza kukuomba chumba hicho bila kuogopa. Amina.