Bodi la Baba, Chasi ya Pikapu

Jumamosi nilitoka Gitega kwenda Muyinga kwenye harusi ya mpwa wangu, nikiendesha gari la marehemu baba. Bodi ni lake kweli, lakini fundi amelifunga juu ya chasi na injini ya pikapu ya juzijuzi. Wageni walipolizunguka wakilisifu, nikasema, "Ni lilelile, sijabadilisha kitu."

Mzee aliyekuwa dereva wa baba akaomba akae tena kwenye usukani. Nikamfungulia mlango. Akainua mguu, akaushusha, akauinua tena juu zaidi. Alipokaa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Gari ya baba yako nilikuwa naingia nikiinama. Leo nimepanda."

Nikaangalia viatu vyangu.

Mgeni mmoja akachungulia dirishani. "Mzee, we ndiye ulikuwa unaiendesha. Iko ileile kweli?"

Mzee akapangusa usukani kwa kiganja. "Iko ileile."

Msomaji, miaka yote ya kazi mzee yule hakumdanganya baba hata lita moja ya mafuta. Uongo wake wa kwanza ndani ya gari lile nilimtia mdomoni mimi.