Nilisema Ni Muuza Maziwa

Kosa ni langu mwenyewe, ndugu msomaji. Sikulewa, sikulazimishwa. Kwa sababu ya tumbo lake tu, nilimkana mtu aliyenipenda, na hata kuliandika naona aibu.

Mimi ni mwanaume ninayependa wanaume. Kwetu Moshi hilo husemi, unaishi nalo kimyakimya. Miaka ile ya tisini, mitumba ilipojaa mjini, tulikuwa marafiki watano wa namna hiyo, watu wazima wenye kazi zetu, tukikutana Jumapili mchana chumbani kwangu, mtaa wa Rau. Huko nje wote tulijificha. Ungedhani mle ndani tulipumzika. Wapi! Mle ndani ndimo tulimopimana. Nani ana kifua, nani ameanza kitambi. Aliyenenepa alichekwa mpaka akaacha kuja.

Nami nilikuwa mbaya kuliko wote. Nilinyanyua makopo niliyoyajaza saruji, ndiyo vyuma vyangu, mpaka mgongo ukaniuma. Chakula cha jioni niliacha. Usoni nikapaka krimu iliyonichubua mashavu. Nikipita kwenye dirisha la duka, lazima nijitazame.

Halafu nikampata huyu nitakayemwita Eliya. Mkulima wa Kibosho, huko mlimani, kwao kahawa, migomba na ng'ombe. Mfupi, mnene, upara umeanza. Alinichekesha hadi nikasahau kujitazama. Kila alipoteremka mjini aliniletea maziwa. Lakini tukiwa wawili nilizoea kumbonyeza tumbo na kumwambia, hili ukilipunguza utapendeza. Alicheka. Niliamini anacheka kweli.

Jumapili moja alikuja bila taarifa, wenzangu wamekaa. Akasimama mlangoni, jasho linamtoka, shati limembana, ndoo ndogo ya maziwa mkononi. Mmoja akaniuliza huyu ni nani. Niliona macho yao yakiteremka kutoka usoni kwake hadi tumboni.

"Muuza maziwa," nikasema.

Eliya hakunitazama. Akawasalimia wote, akamimina maziwa kwenye sufuria yangu taratibu, akaaga. Wenzangu hawakusubiri hata afike mbali, wakaanza kuucheka mwendo wake. Nikacheka nao. Jamani, nikacheka!

Hakuja tena. Mwezi ulipopita nikapanda Kibosho. Nilijiambia nakwenda kuomba radhi, ila ukweli ni kwamba upweke ulikuwa umenishinda.

Nilimkuta mama yake peke yake, Eliya amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa furaha, akanikaribisha jikoni na kunipa bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Kisha akavuta kigoda karibu, akashusha sauti.

"Mwanangu, wewe ni rafiki yake, labda atakusikia. Hataki kula. Anajifunga tumbo kwa kitambaa, anakaza mpaka ngozi imechubuka. Juzi ameanguka shambani. Namuuliza ni nani amemwambia ana kasoro, hasemi."

Nikaweka bakuli chini. Nilitaka kumwambia, ni mimi, mama. Sikuthubutu.

Eliya akarudi na mzigo wa majani kichwani. Mashavu yamezama, shati lile lililombana sasa linaning'inia. Na kwa kuwa nimeamua kusema, nitasema lote: kabla sijasikitika, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amependeza. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo.

Alinisindikiza hadi barabarani. Nikamwomba msamaha, nikasema kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungenificha kwa watu, ningeelewa," alisema. "Wote tunajificha. Lakini wale walikuwa wenzetu. Kwao ndiko ungeweza kusema mimi ni wako."

Akageuka, akapanda kwao.

Nasikia alipona, ana nguvu zake. Kama anakula kwa raha, sijui, na sina haki ya kuuliza. Mimi nimepita kwa wengine, wazuri wa kutazama, na kwa kila mmoja nilikaa nimeingiza tumbo ndani, naogopa atakachokiona.

Wewe unayesoma, hasa kama uko kama mimi, dunia inatuchambua vya kutosha. Anayekuja kwako anatafuta mahali pa kupumua, usimpime. Na kama neno limeshakutoka, nenda leo hii, usijipe mwezi kama mimi. Nilimfanya mtu ajione mbaya, naye hakuwa mbaya hata siku moja.