Kobayi Waliotetemeka

Wakati wa vita askari walimaliza mbuzi na kuku wa kijiji chetu, Mususa, lakini kobayi wetu hawakuwaona. Wanyama hao wadogo kama sungura, wasio na mkia, tuliwafuga jikoni kwa ajili ya nyama, nyuma ya kuni, tukiwapa majani na maganda ya viazi.

Zamani mama alikuwa akibadilishana madume na dada yake wa Kalunguta, ili wa tumbo moja wasizaane. Barabara ikafungwa. Wakabaki wenyewe kwa wenyewe, na wakaanza kuzaliwa watoto wanaotetemeka, miguu ya nyuma ikiyumba. Hata hivyo walikua. Mama akaazima dume mweupe wa jirani, akisema damu ngeni itasafisha. Kwa jirani pia watoto wengine wa dume huyo walichelewa kutembea, ila hatukulijali. Waliozaliwa baada ya hapo walikakamaa mwili mzima, hawakuweza kunyonya, wakafa. Tuliwazika nyuma ya choo.

Wakati huohuo miguu ya mdogo wangu wa kike ilivimba na nywele zake zikawa nyekundu. Muuguzi alisema ni bwaki, utapiamlo, apewe nyama. Nyama yetu ilikuwa hiyo tu.

"Nimulishe kutetemeka?" mama alisema. "Hapana."

Akamwita mganga wa mifugo tuliyesali naye. Yeye alimgeuza kobayi mmoja kiganjani.

"Docteur, ni sumu?"

"Sumu ya wapi, mama? Mushipa ya fahamu iko kama waya ya courant, ya umeme, iko na ganda. Ndani ya mwili kuna chembe zenye kutengeneza ile ganda. Kobayi yenu iko na kosa moja mu damu, ya jirani iko na yake. Kosa moja, mutoto anatetemeka. Zikikutana zote mbili, ganda hapana, anakufa."

"Na mwenye kumukula?"

"Anashiba. Donc, pika."

Asubuhi mama alichinja mmoja, akala yeye kwanza, peke yake. Kutwa nzima alikuwa akinyoosha mikono mbele yake na kuiangalia. Mdogo wangu alilia kwa harufu ya mchuzi mpaka sauti ikamwishia. Mimi nilikaa mlangoni.

Jioni mikono ilikuwa imetulia. Mama aliponda nyama kwa vidole, akamtia mtoto kinywani. Ikarudi na mate. Akamtia tena, na mara hii koo likasogea.

"Lete mwengine," aliniambia bila kugeuka.

Nikamshika mmoja nyuma ya kuni. Alitetemeka mikononi mwangu hata baada ya kisu kupita, kisha akaacha.