Tulipokuwa Nyasi Ganako

Leo nimeshinda ubishi chuoni kwa somo la darasa la tano!

Tunapanga kozi mpya ya mwaka wa kwanza, ya kuiga mambo ya asili, kama moto wa nyika, kwa kompyuta. Wenzangu wanataka tuanze na mashine. Mimi nikasema, tuanze uwanjani.

Maana shuleni Ganako, miaka ya themanini, mwalimu wetu wa sayansi alitupanga peku kwenye umande, tuwe nyasi. Mmoja akawa moto. Filimbi ikilia, aliye jirani na moto anaungua, anachuchumaa. Palipoachwa nafasi, moto ulizimika.

Wamekubali!

Nikampigia mwalimu, sasa ni mzee, nimshukuru kwa ile akili.

Akacheka. "Akili gani, mwanangu? Wiki ile chaki zilikuwa zimeisha."

Nyasi wenzangu, mko wapi?