Kibao cha Presha

Tulipofungua kliniki yetu ya afya ya akili Ngaramtoni, sisi manesi wawili, kibao tulikiweka barabarani kabisa ili kila anayekwenda sokoni akione. Walikiona sana. Mwezi mzima hakuingia mtu. Nani apite mlango wa vichaa mbele ya majirani na washarika wenzake?

Nikapandwa na hasira. Nilikipaka rangi kile kibao kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika KLINIKI YA PRESHA. Nilijiona mjanja: waje kwa presha, mengine tutaongea ndani.

Wakaja, benchi likajaa. Wakapimwa presha, wakaenda zao.

Mama mmoja wa kule juu mlimani hakukosa siku ya soko hata moja, na presha yake haikushuka. Kila mara nilimuuliza, "Mama, kuna jambo linakusumbua nyumbani?" Aliitazama foleni mlangoni, akashusha mkono wa sweta. "Ni presha tu, nesi."

Alipoacha kuja nilipanda kumtafuta, nikakuta turubai la msiba. Amefiwa na mwanawe wa pekee. Jirani aliniambia marehemu alikuwa mgonjwa wa akili, miaka yote amefungwa mnyororo kwenye banda la ndama.

Nilimpa pole yule mama, kisha nikashindwa kujizuia. "Mbona hukuniambia? Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Siku ile ya kwanza nilikuja kwa ajili yake," alisema. "Nilikuta mmeshabadilisha kibao."