Nimemwaga karakana nzima ndani ya debe moja

Jamani, leo nusura nivunje biashara ya watu.

Kampuni kubwa ya kutengeneza redio imenunua karakana ndogo ya fundi Bakari, pale Kibokoni. Mimi hamali nikaitwa nihamishe vitu kwa mkokoteni.

Sasa, Bakari huweka transista na skrubu za kila redio kwenye kikombe cha kahawa cha peke yake.
Vikombe thelathini. Navibebaje?
Nikamimina vyote kwenye debe.

Marehemu mke wangu angesema, "Uliza kwanza."

Tajiri wa kampuni kuliona debe, uso ukamshuka.
"Bakari, mali niliyonunua ndiyo hii? Basi hakuna biashara."

Bakari akavuta kigoda, akaanza kuchambua.
"Hii ya mwalimu wa Tononoka. Hii ya yule mama wa Buxton. Na wewe hamali, Mungu anakuona."

Kabla ya adhuhuri redio ya kwanza ikaimba. Mafundi wa kampuni wamesimama tu, wamtazama vidole.

Tajiri akacheka.
"Mzee, kaa hapo hapo usiondoke. Vifaa ninavyo tele, mtu kama wewe sina."

Mimi nimetumwa vikombe vingine vya kupangia vifaa. Nimeambiwa nivilete vitupu.

Haya, semeni kweli: nani kati yenu angeuliza kwanza?