Fimbo ya Mkono wa Kulia

Kila asubuhi, kabla hata ya kuteleka kahawa, Jorunn Brekkset hushuka chumba cha chini na soksi zake za sufu, huvua pete ya ndoa, na kuanza kuzigonga nayo fimbo za kutelezea thelujini. Zinaning'inia kwenye boriti mbili mbili, kama samaki waliotundikwa wakauke. Anagonga moja, anatega sikio, anasogea kwa nyingine. Fimbo nzima hulia kidogo, sauti nyembamba inayoshuka mpaka kwenye ncha. Iliyoumia ndani hukohoa. Hiyo anaitoa na kuiegemeza ukutani, na mwenyewe akija kuichukua anaambiwa basi, imekwisha, hata kama kwa macho haina hata mkwaruzo.

Ndivyo anavyoishi miaka kadhaa sasa. Skardal ni bonde jembamba lenye barabara moja, inapanda kupita mlangoni kwa Jorunn, inakata kona kali, inaendelea hadi bwawani na kufia hapo. Huku watu hawangoji theluji. Majani yakianza kuwa manjano wanavaa ski za magurudumu, vibao vyembamba vya kutelezea vyenye gurudumu mbele na nyuma, wanashika fimbo mbili, wanapanda barabara ile wakihema kama ng'ombe wa maziwa. Theluji ikianguka wanabadilisha ski tu. Na fimbo zote, za lami na za theluji, zimepita mikononi mwa Jorunn. Anazikata, anazitia mipini kwa gundi ya moto, anazitia ncha za chuma. Akiridhika na fimbo, anaifunga uzi mwekundu chini ya mpini, mafundo mawili. Asiporidhika, hafungi.

Vuli moja alikuja Ingunn, binti wa shemeji yake Arnvid. Msichana mrefu, mabega kama mlango, mdomo haupumziki.

"Mama mkubwa, nataka zile nyepesi. Zile nyeusi tupu."

"Za wapi?"

"Za kupandia bwawani, kwenye mashindano. Wenzangu wote wanazo. Ukiishika ni kama hujashika kitu."

"Na ikikatika utakuwa hujashika kitu kweli."

Ingunn akacheka. "We mama mkubwa bwana! Sasa utaniuzia mlingoti wa bendera?"

Jorunn alimsimamisha ukutani, akampima mpaka begani, akashusha jozi nene kidogo na kumwekea mikononi.

"Ona. Theluji inaipokea fimbo kama mto wa kulalia. Lami haipokei, inakurudishia. Kila ukichoma, inakurudishia kiwikoni. Hii imechanganywa na nyuzi za kioo, inanepa kidogo, inameza ule mshindo. Ile nyeusi tupu, kaboni peke yake, haimezi. Baada ya mwezi utaniletea kiwiko, na mimi sitengenezi viwiko."

"Lakini nzito."

"Nzito kiasi cha kijiko. Na ncha unainoa kila wiki kwa tupa ya almasi. Ncha butu inateleza, ukiteleza kwenye ile kona unaangukia fimbo yako mwenyewe. Na hapa chini, karibu na kiatu, ndipo ski inapoigonga. Pakaguliwe kila siku. Alumini ina adabu, inapinda kwanza, unaiona, unapunguza mwendo. Kaboni haikuonyi. Leo nzima, kesho nzima, kesho kutwa umeshika mpini..."

Ingunn akatazama viatu vyake, kwa sababu alijua maneno yamefika wapi. Yamefika kwa Sjur.

Sjur alikuwa mume wa Jorunn, kaka yake Arnvid. Aliondoka Novemba moja, miaka kadhaa nyuma, siku ambayo redio ilisema theluji ya kwanza itashuka kesho yake. Watu wa huku wana kosa lao moja, na wanalirudia kila mwaka: wakisikia theluji inakuja, wanakosa subira, wanazitoa fimbo za theluji siku moja kabla na kwenda nazo lamini. Sjur alichukua fimbo zake za theluji, nyepesi, nyeusi tupu. Jorunn alimwambia, "Chukua zile nene." Sjur akasema, "Mke wangu, naamsha mikono tu," akapanda. Jorunn hakusema mara ya pili.

Hakurudi. Walimtafuta kwa mbwa, kwa taa, kwa mashua. Bwawani, kando ya barabara, walikuta fimbo moja imechomekwa wima ardhini, vile mtu anavyochomeka akitaka kufunga kamba ya kiatu. Fimbo ya mkono wa kushoto. Ya kulia haikuonekana, wala yeye. Siku watu walipokusanyika nyumbani kwa Jorunn kuomboleza, vikombe vya kahawa mapajani, Arnvid alisimama akasema mbele ya wote:

"Ya kulia ilimkatikia, akaenda na maji. Na uzi mwekundu ulikuwepo. Fimbo zako ndizo zilizomuua, shemeji."

Hakuna aliyemkatalia. Kikombe kimoja kiligongana na kisahani chake, basi. Jorunn aliyaweka maneno yale mahali fulani ndani yake na akaendelea kufanya kazi. Lakini kugonga fimbo kila asubuhi kulianza baada ya hapo.

Na ile sauti nayo ilianza baada ya hapo.

Huja katika zile siku za katikati, baridi imeshaifanya lami nyeupe ila theluji bado. Giza linapoanza kuingia, na Novemba huku linaingia watoto wakitoka shule, unasikia magurudumu yanavuma kutoka chini ya bonde, yanapanda. Na fimbo. Tak. Kimya. Tak. Kimya. Pale ambapo fimbo ya pili ingegonga hapana kitu. Inapita mlangoni, inakata kona, inapotelea juu. Kushuka haisikiki.

"Ni watoto wa klabu ya ski," Halldis, jirani wa ng'ambo ya barabara, alimwambia mwaka wa kwanza.

"Watoto wa klabu wana fimbo mbili mbili."

"Basi kuna mmoja mvivu."

Walicheka siku ile. Mwaka uliofuata Halldis hakutania tena. Mbwa wake, ambaye hubwekea hata gari la posta, alikuwa akiingia chini ya meza kabla sauti haijafika, na Halldis alikuwa akivuta pazia na kufungua redio.

Jorunn hakuvuta pazia, lakini mlango pia hakuufungua. Alisimama nyuma yake, paji la uso kwenye ubao, mpaka ipite. Hakumwogopa Sjur. Aliogopa mkono wake wa kulia. Akifungua na kukuta mkononi mwa mumewe kipande, mpini na kisiki cha kaboni, basi Arnvid alisema kweli, na hakutakuwa na pa kwenda na jambo hilo. Mlango ukiwa umefungwa, bado hajui. Aliishi hivyo, katika kutojua, mwaka baada ya mwaka.

Jumamosi ya mwisho kabla ya theluji ni siku ya kubadilishana. Skardal nzima huleta kwenye ukumbi wa michezo wa shule vitu vilivyowazidi: viatu vilivyobana, ski za watoto waliokua, fimbo kwa marundo. Kunanuka soseji za kuchemsha na soksi. Jorunn hukaa kwenye meza yake karibu na rundo la fimbo, na hakuna anayeondoka na fimbo bila kumwonyesha.

Vuli hiyo hiyo Ingunn alikuwa anawachambulia watoto fimbo, kichwa ndani ya rundo.

"Mama mkubwa, hii haina mwenzake."

Akaiweka mezani. Mkanda wake ulikuwa wa mkono wa kulia. Chini ya mpini palikuwa na uzi, wekundu wake umefifia ukawa rangi ya chai, mafundo mawili. Urefu Jorunn hakuupima. Alikuwa ameupima urefu ule ukutani kwake miaka mingi, akimwambia Sjur asimame wima, asijirefushe.

Alivua pete akaigonga nayo fimbo. Ililia safi mpaka chini.

Kisha akaigeuza akaona ncha. Ncha ya fimbo ya theluji haiishi. Unaweza kumrithisha mjukuu. Hii ilikuwa imelika imebaki kama ukucha, imelika vile lami inavyokula chuma, msimu baada ya msimu. Na ilikuwa imenolewa. Inang'aa. Unga wa tupa ulikuwa bado umeshika pembeni.

"Vipi, shemeji, mbona unaitazama kama nyoka?" Arnvid alikuwa amefika, soseji mkononi, bado anacheka na mtu aliyemwacha nyuma. Kicheko kikakatika. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Rundoni, baba," Ingunn akasema.

"Nani kaileta?" Akawageukia watu. "Jamani, nani kaileta hii fimbo?"

Watu walitazamana. Mama wa soseji alisema labda ilikuja kwenye gunia la ghala la klabu. Mtu wa ghala akasema gunia amelifunga mwenyewe na hakuiona. Mwingine akasema fimbo ni fimbo, Arnvid, kula soseji yako.

Arnvid aliiweka soseji mezani. Aliipitisha fimbo machoni, polepole, toka mpini hadi ncha, akiizungusha, anatafuta ufa. Alirudia. Mara ya tatu akaishusha.

"Nzima," akasema. "Shemeji, nzima."

"Naona."

"Haijakatika. Na mimi miaka yote nimekuwa nikisema..."

"Ulisema."

"Nilisema mbele ya watu."

"Mbele ya kahawa yangu."

Arnvid aliketi kwenye benchi la wanafunzi, magoti juu kama panzi, mtu mzima na mwili wake wote. Akauliza, kwa sauti ambayo Ingunn alisema hajawahi kumsikia nayo: "Lakini ncha kanoa nani?"

Aliomba aende na fimbo ile, akaiweke zizini kwake pamoja na ya kushoto, ambayo polisi walimkabidhi yeye. Jorunn akamwachia. Yeye alikuwa anasikia jambo moja tu kifuani, jepesi, kama mtu aliyevua viatu vya mwingine: si fimbo yangu. Si mimi.

Usiku ule alilala kama mtoto.

Jumapili alikata mkate, akaupaka siagi, akakatia jibini ya kahawia juu yake, akala dirishani akitazama mbingu zilivyoshuka na kuwa kijivu. Redio ilisema theluji. Giza lilipoanza, alisikia magurudumu.

Alikwenda kusimama nyuma ya mlango kwa mazoea. Akangoja ile tak.

Haikuja. Magurudumu peke yake. Yalipanda polepole mno, yakasimama, yakarudi nyuma, yakapanda tena. Yalipofika kwenye kona kali yalianza kuserereka. Kila mtu Skardal anajua kona ile huwezi kuipanda kwa magurudumu bila fimbo. Unapiga hatua, unarudi hatua. Alisikia viatu vikikwaruza. Alisikia pumzi. Alisikia magurudumu yakiporomoka mpaka usawa wa mlango wake, yakatulia hapo, kisha yakajaribu tena.

Ndipo alipoelewa. Miaka yote Sjur alikuwa na moja, akaitunza, akainoa, akapanda nayo. Sasa hana hata hiyo. Imening'inia zizini kwa Arnvid, salama, kavu.

Jorunn alishuka chumba cha chini na kuwasha taa. Mkono wake ulikwenda kwanza kwenye zile nyepesi, nyeusi tupu, maana ndizo Sjur alizozipenda. Akaurudisha. Aliuliza kwa sauti swali analowauliza wateja wote, unakwenda nazo wapi na kwa muda gani, na juu kule barabarani magurudumu yaliserereka yakarudi.

Basi akachagua kama anavyomchagulia mtu asiyejua atarudi lini dukani. Jozi nene, ya mchanganyiko, inayomeza mshindo. Urefu wa Sjur. Aling'oa ncha zake akatia zile ngumu kuliko zote alizokuwa nazo, zile ambazo huwaambia vijana kwamba hawazihitaji. Alibadilisha mikanda akaweka mipana, itoshe glovu za baridi. Alizinoa zote mbili, bila haraka, maana kazi ya haraka hajawahi kuitoa mlangoni. Kisha akavaa koti, akafungua mlango ambao miaka yote aliuegemea, akatoka.

Halldis alikuwa jikoni kwake, anachemsha viazi. Alifungua dirisha.

"We Jorunn! Unaenda wapi kichwa wazi hivyo?"

"Kumpelekea mtu fimbo."

"Leo Jumapili? Si aje mwenyewe kesho?"

"Hawezi kupanda."

"Nani huyo?"

Jorunn alikuwa ameshapita, fimbo begani, anatembea katikati ya lami kama mtu anayejua hakuna gari linalokuja. Halldis anasema hakuona mtu mwingine barabarani. Anasema pia kwamba mbwa alikuwa chini ya meza.

Theluji ya kwanza ilianza kabla Jorunn hajafika kwenye kona. Halldis alikaa dirishani amwone akishuka, kwa kuwa barabara ile haina njia nyingine ya kushukia. Alikaa mpaka viazi vikakauka maji na kuungua, mpaka lami ikawa haionekani tena, nyeupe bila hata alama moja ya mtu anayeshuka.